Gurudumu la Tatu, Mguu wa Kushoto

Tikiti yangu inasema safu ya nane, kiti cha ishirini na moja,
lakini safu ya nane ni ukuta wa matofali
na kiti changu ni mfuko wa saruji nilioukunja mara nne.
Sawa. Nimekuja kutazama, sikuja kukaa.

Zamani za kampuni uwanja huu ulikuwa wa tenisi.
Wamemwaga sakafu upya, wakaisugua kwa jiwe na maji
mpaka inang'aa kama sufuria siku mkwe anapokuja.
Likasi wameleta wasichana sita.
Kolwezi wameleta basi zima na tarumbeta mbili.
Sisi wa Lubumbashi tumeleta maneno.
Ni Oktoba; mvua bado imesimama upande wa Kipushi, inafikiri.

Mama aliyebanana nami anajua yote:
nani alianguka mwaka jana, nguo ipi ni ya kuazima,
jaji yupi, kati ya wale watano chini ya mwavuli wa bia,
ana shemeji Likasi.
"Papa, weye unashangilia nani?"
Nasema: gurudumu.
Anacheka mpaka ananimiminia karanga kiganjani.

Hajui kwamba mimi ni fundi wa beringi kule Katuba,
kwamba Jumanne usiku Georgine Musau alikuja kwangu
na viatu vyake vya magurudumu ndani ya ndoo ya plastiki
akasema, "Papa Kalasa, la tatu linalia."
Nikalizungusha karibu na sikio.
Kweli lililia, kilio chembamba
cha mtu anayejizuia msibani.
Gololi saba ndani, moja imeliwa.
Nikapekua makopo yote, nikapata moja tu,
ya pampu iliyozeeka mgodini kabla sijaoa.
Ilikuwa ndogo kwa unywele mmoja.
Nikaongeza grisi.
Sikumwambia.

Wa kwanza anaanguka, anainuka, anaanguka palepale
kana kwamba alisahau kitu.
Wa pili ana mikono mizuri, miguu haina habari.
Wa Kolwezi, kitoto chembamba chenye meno ya mbele wazi,
anazunguka hadi uso wake unafutika,
na tarumbeta zinapasua mchana.

Kisha jina la Georgine.
Nguo ya bluu, goti lina plasta.
Anapoanza kuteleza watu wote wanashika macho yao.
Mimi nayafumba.

Nasikia magurudumu manane, nayatenga moja moja
kama mtu anayechambua mchele:
la kwanza, safi. La pili, safi.
La tatu kushoto… linanong'ona.
Linanong'ona kwenye kona, linanong'ona akirudi nyuma,
muziki unapanda, mama ananishika mkono kwa kucha,
na ghafla hakuna gurudumu hata moja.
Kimya.
Ndipo najua yuko hewani.

Sijui alikaa huko muda gani.
Nilikumbuka makopo yangu yote, kopo kwa kopo.

Halafu saruji ikapokea mguu wa kushoto.
La tatu likalia mara moja, kwa sauti,
likaendelea.

"Umeona? Papa, umeona?"
Uwanja mzima umesimama, karanga zangu ziko chini.
Nimelipa faranga elfu tano
nami sikuona kitu ambacho mji utakisimulia hadi Krismasi.
"Nimesikia," nasema, naye ananitazama
kama mtu aliyegundua jirani yake ni mgonjwa.

Majaji wanainua makaratasi. Mama anajumlisha kwa vidole,
anarudia, anatukana polepole.
Georgine ni wa pili.
Kolwezi wamemshinda kwa sehemu tatu za kumi;
yule mwenye shemeji, mama anaapa.
Huenda.
Mimi nina gololi iliyoliwa mfukoni mwa suruali,
naigeuza kwa kidole gumba, upande mzima, upande uliochakaa,
njia yote ya vumbi jekundu hadi Katuba.

Jumatatu atakuja na ndoo yake.
Nitamwambia Jumatatu.
Au akiisha kunywa maji.